Ukumbi wa Kusikiliza na Ukumbi wa Kucheza

Katika mtaa wa Frith, kitongoji cha Soho, jijini London, ipo kilabu ya muziki wa jazi ijulikanayo kwa jina la Ronnie Scott's, ambayo ilifunguliwa mwaka 1959 katika mtaa wa Gerrard, jirani na hapo, ikahamia ilipo sasa mwaka 1965, na tangu wakati huo haijahama tena. Mtu aliyelelewa na madansi ya Dar es Salaam, akiingia humo kwa mara ya kwanza, hukutana na mambo mawili ya kustaajabisha kwa wakati mmoja: la kwanza ni umahiri wa wapigaji, ambao hauna shaka, na la pili ni ukimya wa hadhira, ambao masikio yaliyozoea Kariakoo huweza kuudhania kuwa ni hasira. Tikiti hununuliwa kwa intaneti siku nyingi kabla. Mgeni hupokelewa mlangoni akaongozwa hadi kitini pake, akaletewa chakula na kinywaji. Taa zikishafifizwa, hunyamaza. Mpigaji akihitimisha zamu yake, hupigiwa makofi ya kadiri. Na saa ya kumaliza ikifika, watu huvaa makoti yao wakaondoka kwa adabu, wasije wakaachwa na treni ya mwisho. Hakuna anayeinuka kucheza.

Nimeishi ughaibuni muda wa kutosha kuielewa desturi hiyo na kuiheshimu, kwa maana kumnyamazia mpigaji, kwa wenyeji wa huku, ni taadhima kubwa kuliko zote awezazo kupewa. Lakini sisi tuliokulia katika mji wa madansi tulikuwa na taadhima ya namna nyingine, ambayo haikuwa duni hata kidogo kwa hii, ila haikupata wakili wa kuitetea mbele ya walimwengu. Huku msikilizaji ni mgeni aliyelipa; kwetu mpenzi wa dansi alikuwa mshirika katika kazi yenyewe, na wimbo haukuhesabiwa kuwa umekamilika mpaka yeye awe ametia mkono wake. Hilo ndilo nikusudialo kulieleza, pamoja na hasara iliyofuatana nalo, maana neema na hasara hizo zilitoka katika chemchemi moja.

Ukumbi niujuao zaidi ni ule wa DDC Kariakoo, uliokuwa maskani ya Mlimani Park Orchestra katika miaka ya themanini. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, ikachukua jina la baa ya Mlimani Park ilikokuwa ikitumbuiza, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ambalo mji mzima uliliita DDC. Mtindo wake ulikuwa Sikinde, jina lililoazimwa katika ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji, na watu wengi walilitaja jina la mtindo pasipo haja ya kulitaja la bendi. Mbele walisimama waimbaji ambao sauti zao zilikuwa hazifichiki hata redio ikiwa nyumba ya tatu: Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na Cosmas Tobias Chidumule, kwenye magitaa walikuwapo Abel Balthazar na Joseph Mulenga, na nyuma yao wote alikuwapo Michael Enoch, aliyekuwa ameongoza Dar es Salaam Jazz zamani, akijua tarumbeta, saksafoni na gitaa, ambaye wanamuziki wenzake walimwita Ticha, na jina hilo halikuwa la mzaha.

Wala Sikinde haikuwa peke yake. Watani wake wa jadi walikuwa Msondo, bendi iliyozaliwa mwaka 1964 katika chama cha wafanyakazi cha NUTA, ikawa inabadili jina kila chama kilipobadili lake, kwanza JUWATA na baadaye OTTU, huku mashabiki wakishikilia Msondo lao lile lile. Kinondoni walikuwapo Vijana Jazz na Hemedi Maneti wao. Ubungo, katika ukumbi wa White House, walitamba Maquis, waliotoka Kongo wakafika nchini mwanzoni mwa miaka ya sabini na kuufundisha mji mzima namna mpya ya kukung'uta gitaa la solo. Marijani Rajabu na Dar International walikuwa na dola yao wenyewe. Na kumbi za Amana kule Ilala na Lango la Jiji kule Magomeni hazikukosa wageni. Bendi zilipiga karibu kila usiku wa juma, kwa zamu iliyojulikana, hata mtu aliyeulizwa leo ni siku gani angeweza kujibu kwa kutazama ni bendi ipi iliyoko ukumbi upi.

Usiku wenyewe ulianza polepole, kama ipasavyo jambo ambalo halina haraka ya kwisha. Saa mbili na saa tatu zilikuwa za wapigaji wachanga, nyimbo za kupashia vyombo moto na za waliowahi kuja. Kina mama walikaa kwa makundi, aghalabu wamevaa sare za kitenge au khanga za doti moja. Wanaume walizunguka meza zenye chupa chache kuliko walivyotaka, kwa kuwa katika miaka ile ya uhaba, bia ilikuwa bidhaa ya kupigania, na mhudumu aliyeweza kukupatia Safari mbili kwa mpigo alistahili heshima ya balozi. Mnamo saa nne waimbaji wakubwa walipanda jukwaani. Wimbo wa dansi, kwa asiyeujua, una pande mbili: upande wa kwanza ni wa taratibu, ambapo kisa husimuliwa ubeti baada ya ubeti na wachezaji hushikana wawili wawili, kisha magitaa hubadilika, tumba hukaza, vyombo vya kupuliza hujibizana, na hapo huingia chemko, ambapo kisa kimekwisha na miili ndiyo isemayo. Upande wa kwanza ulikuwa wa masikio, na nawahakikishia wenyeji wangu wa Soho kwamba masikio yale yalisikiliza kweli kweli, ijapokuwa miguu haikutulia.

Ushahidi wa usikivu huo ulikuwa ni tuzo. Ubeti ulipomgusa mtu, aliinuka alipo, akapita katikati ya wachezaji bila kuharakisha, akapanda hadi kwa mwimbaji na kumbandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho, kisha akarudi kitini pake pasipo kutazama nyuma. Na mwimbaji, ambaye hakupaswa kukatiza wimbo, aliipokea kwa kuinamisha kichwa tu, huku akiendelea. Alikuwapo mzee mmoja, mchukuzi wa bandarini, ambaye kila ulipopigwa wimbo wa Neema, wa Chidumule, hakukosa kwenda kutunza, nao mshahara wake haukuwa wa kumwagwa. Usiku mmoja nilimwamkia nikamuuliza sababu.

"Shikamoo mzee. Mbona wimbo huu hukupiti?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana ameyasema yangu mbele ya watu, na wala hajapata kuniona. Nikikaa kimya itakuwa kana kwamba nimemruka."

Mcheza kwao hutunzwa, wasemavyo wahenga, na katika ukumbi ule tuzo ilikuwa ni hati ya ushahidi: mtunzaji alikiri hadharani kwamba maneno yale ni ya kweli na kwamba ameyaonja. Sina hakika kwamba makofi ya Soho, pamoja na adabu yake yote, hueleza jambo zito kiasi hicho.

Tena ushirika huo haukuishia kwenye sifa. Bendi iliyopiga mbele ya watu wale wale juma hadi juma haikuweza kuwaficha jambo, na wimbo mpya ulipimwa ukumbini muda mrefu kabla haujapelekwa studio. Niliwahi kuusikia wimbo mmoja mpya ambao ubeti wake wa tatu ulimlaumu mke kwa kosa ambalo, kwa kadiri ya kisa chenyewe, lilikuwa la mume. Kina mama hawakuzomea; walikaa tu. Meza tatu za sare hazikuinuka, na chemko ilipoanza, uwanja ukabaki na wanaume wakitazamana. Juma lililofuata wimbo ulipigwa tena, ubeti ule haukuwapo, na meza zikainuka. Hapakuwa na barua wala kamati. Hapa London mpigaji mashuhuri huja kwa usiku mmoja au machache, akaendelea na safari yake kwenda Paris au Berlin, na wanaomsikiliza leo si watakaomsikiliza kesho. Hata kama wangependa kumsahihisha, atawasikia lini?

Baada ya kupimwa hivyo, wimbo ulikwenda Radio Tanzania, iliyokuwa stesheni pekee ya Tanzania Bara kwa miaka mingi, ambako bendi nzima ilirekodi kwa pamoja, mwimbaji na mpiga besi wakivuta pumzi katika chumba kimoja. Nchi haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri; zilizotoka zilichapishwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Kwa hiyo redio iliutangaza wimbo, ukumbi ukauuza, na mtunzi akabaki na mshahara wake.

Hapo ndipo ninapolazimika, kwa insafu, kuwasifu wenyeji wa huku na kutulaumu sisi. Uingereza ina chama cha kukusanya haki za watunzi tangu mwaka 1914: ukumbi hulipia kibali, wapigaji huorodhesha nyimbo walizopiga usiku ule, na sehemu ya fedha humfikia aliyezitunga, hata awe amelala kwake au amekwisha kufa na haki imerithiwa na wanawe. Kwetu bendi kubwa zilikuwa mali ya mashirika, vyama na jumuiya. Mpangilio huo ulikuwa na fadhila zake, kwa kuwa mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa kila mwezi, akapata wasaa wa kufanya mazoezi mchana na kupiga usiku, jambo ambalo vijana wa jazi wa London, wanaofundisha shule mchana ili walipe kodi ya nyumba, wangelionea wivu. Lakini gitaa lilikuwa la mwajiri, jina la bendi lilikuwa la mwajiri, na aliyeondoka aliondoka na sauti yake tu. Kwa sababu hiyo kuhamahama kukawa ndiyo silaha pekee ya mnyonge: mwaka 1985 Gurumo, Balthazar na wenzao waliiacha Sikinde wakaenda Orchestra Safari Sound, na mji ukazungumza habari hizo majuma mazima kana kwamba serikali imebadilishwa. Sheria mpya ya hakimiliki ilipotungwa mwaka 1999, wengi wa waliotunga nyimbo bora walikuwa wamekwisha kuzeeka, na wengine, kama Maneti na Marijani, walikuwa makaburini.

Anguko la kumbi lilikuja kwa miguu mingi. Mashirika ya umma yaliishiwa, na jambo la kwanza ambalo shirika lililoishiwa hulikata ni muziki. Kaseti zilijaa mitaani. Disko lilihitaji mtu mmoja mahali ambapo bendi ilihitaji ishirini. Na mwaka 1994, zilipoanza redio na televisheni za binafsi, vijana walipata mengine ya kutazama na kuimba. Sikinde na Msondo hazikufa, na zimeendelea kukutana katika mipambano ya sikukuu ambayo huwatoa wazee nyumbani. Kilichokufa ni usiku wa kawaida, ule wa Jumatano usio na tangazo wala sababu, ambao ndio uliowalea wapigaji na wasikilizaji pamoja.

Kwa hiyo naona kila upande una la kumfunza mwenziwe. Wenyeji wa huku wameuhifadhi ukumbi, jina lake na haki ya mtunzi, lakini msikilizaji wao hana sauti katika kazi anayoipenda. Sisi tulimpa msikilizaji sauti kubwa kuliko nyumba nyingi za muziki zilivyopata kumpa, lakini hatukuujengea ushirika ule ukuta wala daftari, tukauacha utegemee hali ya hazina ya shirika. Wenzangu walioko nyumbani wakiniuliza tuige nini Soho, siwaambii waige meza zilizonyamaza wala bei za tikiti. Nawaambia waige uthabiti: ukumbi mmoja wa umma katika Dar es Salaam, usiku mmoja katika juma usiobadilika kwa mvua wala kwa uchaguzi, kiingilio ambacho mchukuzi wa bandarini anakimudu, na karatasi moja ya majina ya nyimbo na watunzi wake, ipelekwe kesho yake asubuhi kwa wanaohusika na malipo. Yaliyobaki, yaani kuinuka, kutunza na kukaa kitako pale ubeti unapokosa haki, watu wetu hawana haja ya kufundishwa na yeyote. Na gharama ya usiku huo mmoja, nina hakika, haitaifilisi halmashauri yoyote ya jiji.