Mji Upi Utamfaa Mama?



Wazee wetu husema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii ni ya kweli shambani, maana mvua haimngojei mtu anayepimapima mipini. Lakini yako mambo ambayo sharti uyachague kwa makini, nayo ni yale yanayogusa miguu na moyo wa mtu mwingine. Leo nataka kuwasimulieni jinsi tulivyochagua kati ya miji miwili iliyo jirani, kando ya bahari, katika kisiwa cha Malta. Labda mtasema, "Sisi watu wa kijijini, Malta yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Nadhani jambo lenyewe lawahusu hata wale ambao safari yao ndefu ni ya kwenda kwa shemeji siku ya Krismasi.

Kwanza mtujue. Mimi na mke wangu tunakaa Ujerumani. Yeye ni muuguzi, na mimi ninafanya kazi ya kupakia mizigo katika ghala. Tuna watoto wawili. Wa kike alikuwa na miaka 11 wakati ule, na wa kiume miaka 7. Mwaka 2023 mama yangu alikuja kututembelea kutoka kwetu Umatengo, wilaya ya Mbinga. Umri wake ulikuwa miaka 74, na wajukuu wake hawa alikuwa hajapata kuwaona ila katika picha. Ruhusa yake ya kukaa ilikuwa ya siku 90, nazo zilikuwa zikienda mbio. Mke wangu alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili, ili tupate juma moja la kupumzika sote pamoja mahali penye jua. Hakuna aliyetamka neno, lakini kila mtu mzima nyumbani alijua kwamba huenda juma kama hilo tusilipate tena.

Tuliichagua Malta kwa sababu tatu. Ya kwanza, ruhusa aliyopewa Mama ya kuingia Ujerumani ilitosha, maana Malta imo katika mapatano ya Schengen tangu mwaka 2007, na mwenye ruhusa hiyo huingia bila kuomba nyingine. Ya pili, nchi yenyewe ni ndogo. Visiwa vyake vyote pamoja ni kilomita za mraba 316 tu, na kile kikubwa kina urefu wa kilomita 27 hivi. Kwa hiyo hakuna safari ya kumchosha mzee. Ya tatu, Waingereza waliitawala mpaka tarehe 21 Septemba 1964, na Kiingereza kingali kinatumika huko pamoja na Kimalta. Hata magari hupita upande wa kushoto kama kwetu.

Basi, tukabaki na neno moja: tukae mji gani?

Mji wa kwanza ni Mellieħa. Utamke karibu na "Meliha". Umekaa juu ya kilima, upande wa kaskazini wa kisiwa. Jina lake lina asili moja na neno lao la chumvi, maana zamani chumvi ilivunwa bondeni chini yake. Mwaka 1436 ulihesabiwa kati ya parokia kumi za kisiwa, lakini baadaye watu waliuhama kwa hofu ya maharamia wa baharini, waliokuwa wakiteka watu na kuwauza utumwani. Katika karne ya 19 parokia ikasimama tena. Hapo pana kanisa la kale la Bikira Maria lililojengwa kwenye mwamba, na picha yake imechorwa juu ya jiwe lenyewe. Chini ya kilima iko ghuba iitwayo Għadira, yenye pwani ya mchanga iliyo ndefu kuliko zote za Malta, kama mita 800. Maji yake ni ya kina kifupi, na mtoto aweza kuingia hatua nyingi akiwa bado anasimama.

Mji wa pili uko kilomita chache tu kutoka hapo. Jina lake ni San Pawl il-Baħar, yaani Mtakatifu Paulo wa Bahari. Ndiyo, baħar ni bahari, nitaeleza punde. Mapokeo ya Wamalta husema kwamba meli iliyomchukua Mtakatifu Paulo kwenda Roma ilivunjika mahali hapo, karibu na mwaka 60. Mnaikumbuka habari ile katika Matendo ya Mitume: watu 276 walikuwa ndani ya meli, wote wakafika pwani salama, na wenyeji wakawawashia moto kwa ajili ya mvua na baridi. Mdomoni mwa ghuba kuna kisiwa kidogo chenye sanamu ya Mtume, na pwani kuna mnara wa mawe wa mwaka 1610 uliojengwa kulinda ghuba. Mji huo umeungana na vitongoji viwili, Buġibba na Qawra. Buġibba, nayo hutamkwa "Bujiba", imejaa hoteli, maduka na wageni. Pwani yake ni mawe bapa, na mtu hushuka majini kwa ngazi za chuma. Lakini kando ya bahari kuna njia pana ya waendao kwa miguu, tambarare, yenye mabenchi ya kupumzikia.

Sasa sikilizeni mabishano yetu. Mke wangu aliipenda Mellieħa. "Baba watoto," aliniambia, "watoto wanataka mchanga. Nao ni mji mtulivu, na mahali pa Bikira Maria ni pale pale. Mama atafurahi." Mimi nilivutwa na Buġibba kwa sababu ya bei, maana nyumba ya vyumba viwili tuliyoiona huko ilikuwa nafuu kuliko zile za kilimani. Watoto walipiga kura kwa mikono minne: mchanga!

Tulimwuliza Mama. Naye akajibu kama wajibuvyo mama zetu wote: "Popote, wanangu. Mimi popote pananitosha."

Hapa nawaombeni, wasomaji, mlitazame sana neno hili "popote". Ninyi mnaokaa na wazee mnalijua. Mzee akisema popote, aghalabu hana maana ya popote. Ana maana kwamba hapendi kuwa mzigo. Mwulize atakula nini, atasema chochote. Mwulize atalala wapi, atasema hata hapa chini. Ukilichukua neno lake kama lilivyo, utampeleka mahali ambapo atakaa juma zima kitini, akiwasubiri wengine warudi, na akiulizwa atasema amefurahi.

Mke wangu hakulichukua kama lilivyo. Jioni moja walipokuwa wakichambua mboga, alimwuliza kwa njia nyingine. Hakumwuliza mahali. Alimwambia, "Mama, tukifika huko, asubuhi ungependa kufanya nini?"

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nataka niamke, niende kanisani mwenyewe, nisishikwe mkono na mtu. Halafu nirudi niwakute mnakunywa chai."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake! Fahamuni kwamba huko Ujerumani alikuwa hajatoka peke yake hata siku moja. Magari ni mengi, lugha haijui, na tunakaa ghorofa ya tatu. Mwanamke aliyepanda na kushuka milima ya Umatengo maisha yake yote, akichukua kahawa kichwani, alikuwa akishikwa mkono kama mtoto kwenda dukani. Na magoti yake yamechakaa. Mahali tambarare anakwenda vizuri, polepole. Penye mteremko ni taabu, na kushuka kwamtesa kuliko kupanda.

Baada ya jibu lile, uchaguzi haukuwa mgumu. Tuliitazama ramani tena, safari hii kwa macho ya magoti ya Mama. Mellieħa ni mji mzuri, lakini mji uko juu na pwani iko chini, na barabara kati yake ni ya mteremko. Mtu akikaa mjini, pwani i mbali kwa mzee. Akikaa pwani, kanisa li juu. Buġibba haina mchanga mwingi wala utulivu mwingi, lakini kutoka nyumba tuliyoiona mpaka kanisani ni mitaa michache, na njia ya pwani ni sawasawa. Tukachagua Buġibba.

Watoto walinuna, sitaficha. Tuliwaeleza wazi: mtoto aweza kupanda basi kufuata mchanga, lakini bibi hawezi kuupanda mlima kila asubuhi kufuata Misa. Mabasi hupita kati ya miji ile mara nyingi kutwa. Binti yetu alifikiri, akasema, "Basi mchanga tutaufuata sisi." Nikaona ameelewa.

Tulifika mwanzoni mwa Septemba, wakati joto bado ni kali na bahari ina uvuguvugu. Siku ya kwanza tulikwenda Misa sote, ili Mama aishike njia. Siku ya pili aliamka gizani, akajifunga khanga yake, akatoka. Mimi nilitaka kumfuata kwa mbali, lakini mke wangu akanizuia. "Mwache," akasema. "Ndicho alichokuja kukitafuta." Tukakaa, chai ikapoa, saa moja ikapita na zaidi. Kisha tukamwona anakuja kando ya bahari, hatua kwa hatua, na mkate chini ya kwapa.

Alikuwa anacheka. "Watu wa huku wanajua Kiswahili!" akasema. Alikuwa ameingia dukani, akaonyesha mkate kwa kidole, akatoa noti. Na mwenye duka alipomrudishia chenji alihesabu kwa Kimalta. Mama akasikia sitta, sebgħa. Sita, saba! Naye akaendelea mwenyewe, "nane", na wote wawili wakacheka.

Si ajabu. Waarabu waliitawala Malta tangu mwaka 870, na lugha ya Kimalta ni mtoto wa Kiarabu, ingawa imechukua maneno mengi ya Kiitalia na huandikwa kwa herufi kama zetu. Sisi nasi tuliyapata sita, saba na tisa katika Kiarabu, na bahari pia. Hata Mungu wao humwita Alla, nao ni Wakatoliki. Mama alirudi katika duka lile kila siku, na siku ya nne alikuwa ameweza kusema mkate kwa lugha yao, ħobż.

Na mchanga? Watoto waliupata siku tatu kati ya saba. Siku moja twende sote. Mama aliketi pwani ya Għadira, miguu yake majini, kijana wetu akimjengea nyumba ya mchanga. Siku nyingine tulipanda naye basi mpaka mjini Mellieħa, asubuhi kabla ya jua kali. Basi hufika huko juu, kwa hiyo hakuupanda mlima kwa miguu. Kwenye ngazi za kwenda kwa Bikira Maria alisimama, akaninyoshea mkono mwenyewe. "Leo nishike," akasema.

Njiani kurudi alitazama kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji katika miteremko ya mashamba, zikizuia udongo usichukuliwe na mvua. "Hawa nao wanajua kilima," akasema, kwa maana kwetu Umatengo tunachimba ngoro kwa kazi hiyo hiyo.

Wasomaji, sisemi kwamba Buġibba ni bora kuliko Mellieħa. Familia yenye watoto wadogo tu na miguu mizima, huenda ikafanya vema kukaa karibu na Għadira. Apendaye utulivu aende kilimani. Mwenye fedha chache na mzee wa magoti aende tambarare. Ninachosema ni kwamba sisi tulipokuwa tukishindana juu ya mchanga na bei, hatukuweza kukata shauri. Tulipoanza kwa yule anayekwenda polepole kuliko wote, shauri likakatika lenyewe, na wale wenye nguvu hawakukosa kitu.

Jambo hili laweza kuwafaeni hata hapo mlipo. Mkipanga safari ya harusi, ya hija au ya matanga, jiulizeni kwanza ni nani atakayeshuka garini kwa shida, na kutoka kituoni mpaka nyumbani pana mwendo gani. Mkimchagulia mzee chumba, tazameni choo kiko umbali gani usiku. Msiridhike na jina zuri la mahali. Ulizeni nyumba yenyewe imesimama wapi, juu au bondeni. Na mzee asipopewa nafasi ya kwenda mwenyewe mahali anapopaweza, mjue mmempunguzia kitu, hata kama mmembeba vizuri.

Mama alirudi Mbinga kabla ya mwezi kwisha. Desemba inakuja, na wengi wenu mtakuwa na safari. Kabla hamjakata tiketi, mkalisheni bibi au babu penye mboga, mkamwulize angependa kufanya nini asubuhi. Akijibu "chochote", mwulizeni tena kesho yake.