Mvuvi, wavuvi, uvuvi: kwa nini programu ya madokezo hainipati

Watu kadhaa wameniuliza natumia programu gani kupangia maandishi yangu. Jibu fupi ni Obsidian. Jibu refu ndilo hili, maana programu yenyewe si hoja. Hoja ni jinsi Kiswahili kinavyozishinda programu hizi.

Kwanza kazi yenyewe. Mchana naandika kodi za watu, ndiyo mshahara. Usiku, hapa hapa Ganjoni, naandika makala kuhusu maneno ya bahari: vyombo, mitego, pepo, maji. Anayenipa maneno hayo ni babu yangu mzaa mama, aliyevua miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia. Jumamosi naenda kwake Mji wa Kale, yeye anazungumza, mimi nabonyeza simu. Ana miaka 80 na kitu. Mwaka jana ukimuuliza jina la nyota hakusita hata kidogo. Mwaka huu hunyamaza kwanza. Kwa hiyo dokezo likinipotea siwezi kujiambia nitamuuliza tena siku nyingine.

Na dokezo hupotea likiwa papo hapo ndani ya simu. Ninayo zaidi ya 600. Programu niliyoanza nayo (sitaitaja) nikiiuliza "mvuvi" ilinipa machache, yale yenye "wavuvi" na "uvuvi" ikayaacha kana kwamba hayapo.

Sababu ni hii. Programu nyingi hutafuta neno zima, au mwanzo wa neno. Chukua SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu karibu zote. Ina sehemu ya kutafutia maandishi iitwayo FTS5. Ukiandika mwanzo wa neno kisha ukaweka nyota, inakuletea maneno yote yanayoanza hivyo. Nyota ukiitanguliza mbele, inakataa. Kwa Mwingereza hakuna shida, maneno yake mengi hubadilika mkiani. Hata kanuni maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980, ya kurudisha maneno ya Kiingereza kwenye shina, kazi yake ni kukata mikia. Sisi mabadiliko yetu mengi yako kichwani: lema, malema, wavu, nyavu, anavua, walivua, hawakuvua. Aliyetunga zana hizi hakuwa na nia mbaya, hakutufikiria tu.

Dawa ipo. Desemba 2020 SQLite toleo la 3.34.0 lilileta njia ya kukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu. "Wavuvi" inakuwa wav, avu, vuv, uvi. Ukitafuta "vuvi" unawapata mvuvi, wavuvi na uvuvi kwa pamoja. Obsidian nayo hutafuta hadi katikati ya neno, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuihamia.

Lakini ngoja, usifurahi bado. Tafuta "vua" uone: kuvua samaki, kuvua nguo, mvua, na bamvua juu yake! (Bamvua angalau ni maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hajaenda mbali na bahari.) Kwa hiyo kila dokezo nalitia mstari mmoja kwa mkono: shina la neno na maana yake, kama vile "vua-samaki". Sekunde tano. Hakuna mashine iliyonifanyia hilo vizuri.

Mstari wa pili ni nani alisema, lini, na walikuwa wakizungumzia nini. Haya si mambo ya kompyuta. Muyaka bin Haji alifariki hapa Mombasa karibu na mwaka 1840. Mashairi yake mengi tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, aliyakusanya akayaandika kwa herufi za Kiarabu, na mmishonari W. E. Taylor akapata kwake maelezo. Diwani iliyotolewa na Hichens ilichapwa 1940, miaka mia baada ya mshairi. Shairi la kumjibu mtu, usipomjua aliyejibiwa, unabaki na nusu yake. Neno la babu nalo ni hivyo hivyo.

Faida nyingine ya Obsidian: madokezo ni mafaili ya kawaida ya maandishi kwa mtindo wa Markdown, uliotolewa na John Gruber mwaka 2004. Programu yenyewe si huria, hilo silipendi, lakini ikifa kesho mafaili yangu yanafunguka kwa programu yoyote. Desemba 2023 Evernote iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha madokezo 50. Sikuwa mtumiaji wake, ila siku ile nilinakili folda yangu mara mbili, moja kwenye diski iliyo kwa dadangu.

Kinachonisumbua sasa ni sauti. Kimvita kina t mbili, ya meno na ya ufizi, na herufi tunazoandikia zina moja. Babu akitamka naisikia tofauti, nikiandika inapotea. Kwa sasa kila neno la namna hiyo nalirekodi sekunde tatu nne, faili la sauti nalipa jina lile lile la dokezo. Yamefika 41.