Ua Kavu, Ua Bichi

Kazi yangu ya kwanza ya uchoraji ilikuwa kuchora maua yaliyokufa. Niliajiriwa Dar es Salaam nikiwa msichana, kwenye hebaria, ghala la mimea iliyobanwa, ikakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Miaka hiyo wataalamu walikuwa bado wanaandika Flora of Tropical East Africa, kazi ya majuzuu iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Michoro yangu haikuingia humo; mimi nilichorea ripoti na makala za ofisini. Lakini kipimo kilikuwa kimoja. Ua kavu lilichemshwa kidogo mpaka likalainika, likafunguliwa kwa sindano chini ya hadubini, kisha nikachora kwa wino mweusi kila sehemu yake: sepali, petali, stameni, ovari. Rangi haikuhitajika. Mstari ulitakiwa useme kweli.

Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa Msambaa wa Lushoto, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Nikimaliza mchoro nampelekea, namwamkia, nasimama pembeni. Siku moja aliniuliza ua lile lina stameni ngapi. Nikamjibu bila kutazama karatasi. "Vizuri, mwanangu," akasema. "Ua usilolifungua unalisifu tu, hulijui." Neno hilo ndilo mtaji wangu mpaka leo.

Mume wangu alipopata nafasi ya kusoma Uingereza, nikamfuata. Tulifikia Suffolk, mashariki mwa nchi. Nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi: kuogesha, kuvisha, kulisha. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na bustani. Mwezi Juni, huko jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Kwa mtu aliyezaliwa Tanga, ambako mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima, huko ni kupewa siku ya pili ndani ya siku moja. Nikitoka zamu, mwanga ulikuwa bado mwingi na hauna mwenyewe. Nikanunua karatasi na rangi za maji.

Ua lililonibadilishia kazi ni popi, zile kubwa nyekundu za bustanini. Tumba lake lina vinyweleo, limefunikwa kwa sepali mbili. Asubuhi sepali hupasuka na kudondoka, petali zikatoka zimekunjamana kama kanga iliyokaa muda mrefu sandukuni. Zinajikunjua kwa jua, na siku chache baadaye zimepukutika. Kwa wino ningeweza kuchora petali hizo na duara la stameni zake nyeusi, na mchoro ungekuwa sahihi. Lakini petali ya popi ni nyembamba mno, na wekundu wake huwaka pale mwanga unapopenya kutoka nyuma. Rangi za maji zimeumbwa kwa kazi hiyohiyo. Ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan. Zikipakwa nyepesi, mwanga hupita katikati ya rangi, hugonga weupe wa karatasi, ukarudi machoni. Kwa hiyo sina haja ya rangi nyeupe. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe niliyoiacha.

Natumia karatasi ya pamba, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa vishimo vidogo. Nailowesha kwa brashi pana, nangoja mng'aro wa maji ufifie, ndipo nadondosha wekundu. Rangi inatambaa. Ikifika pakavu husimama na kuacha ukingo mkali. Ikikutana na maji huyeyukia humo. Kazi yote iko hapo: kuamua ua liwe na ukingo wapi, na wapi lipotelee hewani. Petali iliyo karibu na jicho naipa ukingo, ya nyuma nayaachia maji. Buluu ya ultramarini ina chembe zinazotua kwenye vishimo vya karatasi, na mimi huiweka kwenye vivuli vya delfinia na irisi. Rangi za maji hupauka zikikauka, basi nazipaka nzito kuliko ninavyotaka zionekane. Kupaka kwenyewe huchukua muda mfupi. Kinachochukua muda ni kutazama.

Watu wengi wakiona picha ya ua iliyopakwa kwa uhuru, hudhani mchoraji ameachana na ukweli wa ua lile. Maisha yangu ya kazi yamenionyesha kwamba mkono huweza kwenda kasi kwa sababu jicho limeshahesabu. Irisi ina petali tatu zilizosimama na tatu zinazoning'inia. Mwenye kulijua hilo anaweza kuiachia zambarau ikimbie kwenye maji, kisha akalirudisha ua kwa mguso mmoja wa manjano pale ndevu zake zilipo. Asiyelijua hubaki na doa la kupendeza ambalo si ua la aina yoyote.

Suffolk yenyewe ilinipa walimu ambao sikuwahi kukutana nao. Charles Rennie Mackintosh, msanifu majengo kutoka Glasgow, alikuja kijiji cha Walberswick mwaka 1914, akachora maua kwa penseli na kuyapaka rangi za maji. Mstari wake ni wa mtu aliyezoea ramani za majengo: mwembamba, hausitisiti. Michoro hiyo ilinithibitishia kwamba mtu anaweza kuingia majini bila kuutupa mstari. Katika mji wa Hadleigh, kwenye nyumba ya Benton End, Cedric Morris aliendesha shule ya uchoraji kuanzia mwaka 1940. Alichora irisi kwa rangi za mafuta, na irisi nyingine alizizalisha mwenyewe kwa kuchavusha. Kwake bustani na chumba cha kuchorea vilikuwa kazi moja.

Baadaye nilisafiri hadi Seebüll, Ujerumani, karibu na mpaka wa Denmark, kwenye nyumba ya mchoraji Emil Nolde. Vitalu vya bustani yake vimepangwa kwa herufi A na E, za jina la mkewe Ada na lake. Alipaka popi na dalia kwenye karatasi ya Kijapani inayonyonya maji, rangi ikazama ndani ya karatasi badala ya kukaa juu. Mwaka 1937 Wanazi waliondoa kazi zake zaidi ya 1,000 kwenye makumbusho, ilhali mwenyewe alikuwa akiwaunga mkono. Nawaeleza wanafunzi wangu yote mawili, kwa sababu uzuri wa popi zake haufuti aliyoyaamini.

Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa wazee wa pale nilipofanya kazi. Mama mmoja, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, akiweza kushika brashi nene tu. Nilimlowesha karatasi, tukaitazama delfinia pamoja, tukahesabu maua yaliyopangana kwenye shina lake, kuanzia chini yaliyofunguka hadi juu yaliyo bado matumba. Kisha akadondosha buluu, kubwa chini, ndogo juu. Delfinia ikasimama. Tangu hapo nilijua kazi yangu nyingine ni kufundisha. Likafuata darasa la ukumbi wa kijiji, na mwisho nikaiacha zamu ya asubuhi. Leo naishi kwa madarasa, kadi na picha.

Mtu anayenunua picha ananiamini kwa jambo asiloweza kulipima dukani: kwamba wekundu wake utadumu. Nyekundu ya alizarini, iliyotumiwa na wachoraji wengi wa zamani, hufifia ikikaa kwenye mwanga. Mimi hutumia zile za jamii ya kwinakridoni, zilizoingia sokoni mwaka 1958, ambazo nyingi huhimili mwanga vizuri. Popi huishi siku chache bustanini. Picha yake lazima imzidi mnunuzi umri.

Majira ya joto yakikaribia, maduka ya miche hujaza trei za maua ya msimu. Moja kati yake nililitambua kabla ya kusoma kibandiko. Ni Impatiens walleriana, asili yake Afrika Mashariki, kwenye sehemu zenye kivuli na unyevu. Waingereza hulipanda mahali jua lisipofika. Nyuma ya ua kuna mrija mwembamba, mrefu, wenye nekta, na tunda lake likiiva, ukiligusa hupasuka na kurusha mbegu. Mrija huo niliwahi kuuchora kwa wino, kutoka ua lililochemshwa. Sasa nalichora likiwa bichi: petali zote kwa maji, waridi na nyekundu zikiingiliana, na mwisho kabisa mrija, kwa mpigo mmoja wa ncha ya brashi. Mpigo ule ni wa hebaria. Pasipo miaka ile ya wino nisingejua pa kuuweka.

Nikiwa Tanga kwa mapumziko, vijana huniuliza waanzie wapi, maana karatasi ya pamba ni ghali. Nawaambia waanze na ua la uani, wembe na penseli. Walifungue, wahesabu, wachore kila kilichomo. Rangi zifuate, tatu zinatosha, nyekundu, manjano na buluu, za ubora, na karatasi nzuri hata ikiwa ndogo. Kisha wapake haraka, bila woga, ua lilelile, tena na tena. Mkrismasi ukichanua mwezi Desemba, kila ua lake lina petali tano, na moja kati ya hizo ina madoadoa ambayo nyingine hazina. Kijana anayeweza kunionyesha ni ipi ameshaanza kazi.