Usisome Peke Yako

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Mvua zilichelewa lakini mahindi yameota vizuri, na mguu wa baba yako umepona, anakwenda shamba mwenyewe.

Dhumuni la barua hii ni masomo yako. Mama yako amenisomea ujumbe wako. Unasema unataka kuahirisha mwaka, maana unasoma sheria Chuo Kikuu Huria usiku, peke yako, baada ya kushinda kutwa nzima ofisi ya kijiji, na wenzako kazini wanaiita digrii ya simu. Nimeona niandike, kwani maneno ya simu hupita, na haya nataka uyarudie.

Unajua kwamba mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ila pengine hujui tulisomaje. Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma kikaamua kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo mwisho wa 1977. Walimu hawakutosha, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa haraka hiyo. Ndipo kuanzia 1976 tukachukuliwa vijana tuliomaliza darasa la saba, tukapelekwa shule za msingi kujifunza ualimu tukiwa kazini, miaka mitatu. Masomo yalikuja kwa vitabu vya njia ya posta na vipindi vya Redio Tanzania, na kituoni tulikuwa na mkufunzi. Mwishoni ndipo tukaitwa chuoni kwa wiki chache.

Asubuhi nilifundisha darasa la kwanza, mchana nikageuka mwanafunzi. Redio ilikuwa moja kwa kituo kizima. Siku ya kipindi tulianika betri juani tangu asubuhi zipate nguvu, kisha tukaizunguka ile redio, mmoja akiandika hoja, mwingine akifuatilia kwenye kitabu. Kipindi kikiisha hakuna aliyeinuka. Tulibishana mpaka kila mtu aweze kulieleza somo kwa maneno yake, na kesho yake tukalijaribu mbele ya watoto, mkufunzi ameketi nyuma ya darasa.

Chuo kilikuwa mbali nasi, lakini upweke hatukuujua. Tulifika mwisho kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kubishana naye, mkubwa wa kumsahihisha, na kazi ya kulijaribia somo. Elimu ya mbali ikikosa hayo matatu, hata mwenye akili nyingi huishia njiani. Leo una intaneti, una vitabu vingi ndani ya simu, lakini hayo matatu hayaji na bando. Lazima uyatafute.

Anza na wenzako. Kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili halikutoshi. Humo yanapita matangazo, madesa na uvumi wa tarehe za mitihani. Tafuta watu watatu au wanne wa mwaka wako, walio wilaya yenu au ya jirani, mkubaliane siku moja ya juma na saa isiyobadilika. Kila mmoja apewe mada ya kuwafundisha wengine. Bando likiwa shida, pigianeni simu ya kawaida. Mara moja kwa mwezi mkutane ana kwa ana, na asiyekuja atoe sababu.

Kisha, kumpata mkubwa wa kukusahihisha, nenda kituo cha mkoa cha chuo chako. Usingoje siku ya mtihani ndipo wakujue. Pakua masomo ya muhula mzima ukiwa mjini, ili mtandao ukikatika kijijini usikose cha kusoma. Kazi yako ikirudi imesahihishwa, soma maoni ya mwalimu kabla ya kutazama alama. Ukikwama, uliza swali lililo wazi: umesoma wapi, umeelewa nini, na kipi kinakutatiza.

La tatu, kazi ya kulijaribia somo, unalo tayari. Wapo wanaoikariri Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 bila kuwahi kuona mgogoro wa mpaka. Wewe wanaogombea mpaka wanaingia ofisini kwako. Ukisoma mamlaka ya halmashauri ya kijiji katika kugawa ardhi, au kazi ya baraza la ardhi la kijiji katika kusuluhisha, chukua daftari uandike: sheria inasema hivi, sisi tulifanya hivi. Daftari hilo litakufaa kuliko desa lolote.

Wapo pia wanaolipa watu wawaandikie kazi, na sasa wapo wanaoiachia akili mnemba iandike kila kitu. Usithubutu. Chumba cha mtihani utaingia mwenyewe, na mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake atakuja kukuuliza wewe.

Kuhusu wanaokucheka, nasi tulichekwa. Walisema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, na iliuma. Tukaendelea kufundisha, na watoto tuliowashika mkono kuandika herufi ya kwanza leo ni wazazi wanaosomesha watoto wao. Chuo chako kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, wanafunzi wake wa kwanza waliingia 1994, na Tume ya Vyuo Vikuu inakitambua. Huna cha kuonea haya. Ila mdogo wako anayevutiwa na matangazo ya vyuo vya nje vinavyoahidi digrii kwa miezi michache, mwambie aulize Tume hiyo kabla hajatuma hata shilingi.

Mwanangu, kuahirisha mwaka si dhambi kwa aliyeugua au kufiwa. Lakini upweke hauponi kwa kuahirishwa. Utaukuta mwakani palepale ulipouacha. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujajaza fomu ya kuahirisha, usome muhula mmoja pamoja na wenzako kama nilivyokueleza. Ukishindwa baada ya hapo, tutakaa tuzungumze na sitakulaumu. Nauli ya kwenda kituoni nimemkabidhi mama yako akutumie; usiipeleke kwingine. Ukishapata wenzako, niandikie majina yao na siku mliyoichagua, nami nitawaombea wote.

Akupendaye daima,
Shangazi yako