Tulikwenda Bagamoyo Kujifunza Picha

Watu wengi huenda Bagamoyo kusali, au kutazama mambo ya kale, au kuoga baharini. Sisi tulikwenda kujifunza kupiga picha. Labda wengine watacheka, maana siku hizi hata kijana mchunga mbuzi ana simu yenye kamera. Lakini hebu tazameni picha zilizomo nyumbani mwenu. Katika picha za arusi gauni la bibi arusi ni jeupe pe, na uso wake haujulikani. Katika picha za Komunyo ya kwanza mashati yanang'aa, na nyuso za watoto ni vivuli vitupu. Na mzee akifariki, jamaa hukimbia huku na huku wakitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, mwisho wakaikuza ile ndogo ya kitambulisho.

Kwa sababu hiyo jumuiya yetu ilikubaliana kwamba kila mzee wa kijiji aliyepita miaka 70 apigwe picha moja nzuri kabla ya Noeli. Binti wa kaka yangu, afanyaye kazi Dar es Salaam, alituletea kamera. Ni Canon EOS 2000D, aina ya wanaoanza iliyotoka mwaka 2018, naye aliinunua ikiwa imekwisha tumika. Kazi ya kujifunza nikapewa mimi pamoja na mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne.

Njia ya kwenda

Tuliondoka Morogoro asubuhi kwa basi. Ukifika Chalinze unashika njia ya kaskazini mpaka Msata, na hapo unageuka kuelekea baharini. Kutoka Msata mpaka Bagamoyo ni lami, kama kilomita 64, na kabla ya kufika mjini unavuka mto Ruvu. Zamani nchi hiyo ilipitwa kwa miguu. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka bara, ikafika pwani imechoka kabisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, walianza kwa kuwakomboa watumwa, hasa watoto, na kuwapa mahali pa kukaa. Kutoka hapo imani ilipanda bara, na mwaka 1877 misioni ya Mhonda ikaanzishwa katika milima ya Nguru. Kwa hiyo mtu wa Morogoro afikapo Bagamoyo, anafika kwa babu yake.

Mtambo na kioo chake

Mwalimu wetu alikuwa fundi mmoja wa pale mjini, apigaye picha za arusi. Siku ya kwanza hakutupeleka popote. Alitukalisha barazani akaitoa lenzi, akatuonyesha ndani ya kamera. Ndani kuna kioo kidogo kilichoinama. Mwanga ukiingia kwa lenzi hugonga kioo hicho, ukapanda juu mpaka kwenye tundu la jicho, ndipo unaona kile kile kinachoonwa na lenzi. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, pazia linafunguka kufumba na kufumbua, na mwanga unaangukia kibao cha kuupokea, ambacho kimechukua mahali pa filamu ya zamani. Ule mlio wa "klak" unaousikia ni kioo kikipanda na kushuka.

"Mambo ni matatu tu," akasema fundi. "La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho. La pili ni muda wa pazia kukaa wazi. La tatu ni ukali wa kibao kupokea mwanga, nao huandikwa ISO. Hayo matatu ni kama mafiga. Ukilisogeza moja, sharti usogeze na jingine, la sivyo chungu kitamwagika."

Akatupa na hesabu za kuanzia. Penye jua kali weka ISO 100, tundu namba 8, na muda wa sehemu moja ya 400 ya sekunde. Ndani ya nyumba panda mpaka ISO 1600, na tundu lifunguliwe mpaka mwisho. Hapa msomaji aangalie sana: namba ya tundu ikiwa ndogo, tundu lenyewe ni kubwa. Mpwa wangu aliandika hayo yote katika daftari lake.

Sokoni alfajiri

Siku ya pili tuliamka kabla ya jua, tukashuka kwenye soko la samaki karibu na forodha ya kale. Ngalawa na mashua zilikuwa zinaingia. Maji yalikuwa yamekupwa, na wavuvi walitembea mbali juu ya mchanga wenye maji, mizigo begani. Bagamoyo bahari iko upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi ukiitazama bahari unalitazama jua. Katika picha tanga likawa jeusi, mtu akawa mweusi, na nyuma yao mbingu ya dhahabu. Ni picha ya kupendeza sana, lakini hutamjua mtu aliyemo.

Kando ya wauza samaki alikaa mzee mmoja mvuvi, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Tukamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, mzee. Tunaomba ruhusa tukupige picha. Tunajifunza."

Akatutazama kitambo. "Wengi hupita hapa," akasema, "hupiga wakaenda zao bila hata salamu. Ninyi mmeamkia. Haya, pigeni, lakini sharti niione."

Fundi akamwambia mpwa wangu, "Piga kama kamera inavyotaka yenyewe, halafu tazama." Kijana akapiga. Kanzu ilitokea ya kijivu kama imelowa, na uso wa mzee ukawa giza, macho hayaonekani. Mzee akaiona, akasema, "Huyu si mimi. Huyu ni kivuli changu."

Hapo fundi akatufundisha somo lililotutoa Morogoro. Kamera haijui lililo jeupe wala jeusi. Yenyewe hupima mwanga wote uliopo, kisha hutaka kila kitu kiwe cha kijivu, katikati. Ikiona kanzu, mchanga na mbingu, hudhani mwanga umezidi, nayo hupunguza. Mwenye kuumia ni uso wa mtu mweusi. Dawa yake ni kitufe kidogo chenye alama ya kuongeza na kupunguza. Kibonyeze, huku ukizungusha gurudumu kuelekea upande wa kuongeza, hatua moja au moja na nusu. Pia usimweke mtu mbele ya mbingu. Mgeuze, au mwingize kivulini penye mwanga mpole, kama chini ya baraza.

Mzee akahamia chini ya paa la makuti, uso wake ukielekea uwanjani. Kijana akaongeza hatua moja, akalenga jicho, akapiga. Safari hii tuliona kila kunjo la uso, na ndevu zake nyeupe moja moja, na macho yaliyozoea kutazama mbali. Mzee akaishika kamera kwa mikono miwili, akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa huyu ni mimi. Mnitolee ya karatasi, wajukuu wangu wapate kunijua." Tukaitoa siku ile ile katika duka la picha mjini, tukampelekea.

Mbuyu na mnyororo

Alasiri tulikwenda misioni. Huko kuna mbuyu mkubwa sana, na shinani mwake kimetokeza kipande kifupi cha mnyororo. Husimuliwa kwamba zamani bibi mmoja Mfaransa, aliyesaidia kazi ya misioni, alimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, na mti ulivyonenepa ukaumeza. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa, lakini sivyo inavyosimuliwa na wenyeji.

Hapo tulijifunza kazi ya tundu. Tukitumia tundu kubwa na kusogea karibu, mnyororo ulionekana wazi na gome lote la nyuma likawa kama ukungu. Tukitumia tundu dogo, namba 11, tukarudi nyuma, mti wote ukaonekana na matawi yake. Fundi akasema, "Tundu kubwa humtenga mtu mmoja na wenziwe, tundu dogo huonyesha mtu na nyumbani kwake. Chagua kwanza unataka kusema nini."

Mnara wa kanisa la kale

Kanisa kubwa la Bagamoyo lilianzwa mwaka 1910 likamalizika 1914. Karibu yake umesimama mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Alikufa mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia, na watu wake waliubeba mwili kwa miguu miezi mingi mpaka pwani. Walioongoza kazi hiyo ni Chuma na Susi.

Hao wawili baadaye walipelekwa Uingereza, wakapigwa picha huko mwaka 1874, na majina yao yakaandikwa. Ndiyo sababu hata leo tunazijua nyuso zao. Lakini wenzao walikuwa makumi, walibeba mzigo ule ule na kupita njaa ile ile. Nyuso za wengi wao zimepotea kabisa.

Katika makumbusho ya misioni mna picha za zamani, na mtu akizitazama hujiuliza mengi. Maana katika picha nyingi za zama zile, popote zilipohifadhiwa, Mzungu ameandikwa jina lake na cheo chake, na Mwafrika aliye kando yake ameandikwa tu "mchukuzi" au "mtoto aliyekombolewa". Uso umebaki, jina limepotea. Nani atamwombea kwa jina? Mjukuu wake akipita mbele ya picha ile leo, atajuaje kwamba ni babu yake?

Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akatoa daftari lake, akaandika jina la mvuvi wa asubuhi, jina la baba yake, mahali, na tarehe. Tangu hapo hapigi picha ya mtu bila kuandika.

Machache ya kukumbuka

Wasomaji, yawezekana katika parokia yenu pia kuna kijana anayetaka kujifunza. Msimzuie. Kamera za kioo zilizokwisha tumika hupatikana kwa bei nafuu kuliko zamani, maana watengenezaji wengi wamegeukia kamera zisizo na kioo. Betri moja ya kamera kama yetu huweza kupiga picha zipatazo 500, hivyo hata kijiji kisicho na umeme kinaweza kuitumia kwa siku nyingi. Lenzi isiguswe kwa vidole wala kufutwa kwa shati. Itumike brashi laini au kitambaa safi. Katika Misa asiwashe flashi, wala asimtangulie Padre altareni. Asimame kando, apige machache.

Kijana aombe ruhusa kabla ya kupiga. Apime mwanga kwa ajili ya uso, wala si kwa ajili ya nguo. Atoe picha kwenye karatasi, kwa kuwa simu huibwa na kadi huharibika, bali karatasi iliyowekwa vizuri sandukuni yaweza kuwafikia wajukuu. Na nyuma yake aandike kwa penseli laini: jina, jina la baba, kijiji, mwaka.

Sisi tumekwisha kuanza na wazee wetu. Bibi mmoja wa miaka 91, ambaye hakuwahi kuwa na picha isipokuwa ya kitambulisho, alikataa mara mbili akisema sura yake imeharibika. Mara ya tatu akakubali, akavaa kanga mpya, akaketi kivulini kwake chini ya mwembe. Alipoiona picha akauliza, "Kumbe nafanana na mama hivi?" Kisha akatutajia jina la mama yake, ambalo hata watoto wake walikuwa hawalijui. Tukaliandika nalo.