Ilhamu, Uvuvio na Kaa la Moto

Katika tasnifu yangu ya uzamivu nilifasiri neno la Kiingereza "inspiration" kuwa "msukumo". Leo nakiri kwamba nilikosea. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupuliza ndani. Nayo "ilhamu", iliyotujia kutoka Kiarabu, ina mzizi wenye maana ya kumeza. Msukumo hauna pumzi wala koo.

Nyumbani Chapwa, Tunduma, niliwahi kumwuliza marehemu mama, mtunzi wa nyimbo za harusi, alikoyatoa maneno yake. Hakujibu, aliinama akalivuvia kaa lililofunikwa na majivu hadi likawaka. Ndiyo maana sasa napendelea "uvuvio", kwani kuvuvia hudai kaa liwepo kwanza. Mama hakusukumwa na mtu.