Sufuria moja, sahani mbili



Katika mikutano yetu ya likirimba ya miezi hii, tukimaliza kuhesabu pesa, ulizo moja linarudi kila mara: mtu afanye namna gani apunguze mwili? Mmoja anasema magoti yanamuuma akipanda kilima. Mwingine ameambiwa na muganga kwamba ana tansio. Wa tatu anatoa ndani ya kikapo chupa aliyouziwa sokoni, na wote tunainama kuinusa. Mimi si muganga. Ninafundisha biolojia katika sekondari hapa Bukavu, na diploma yangu niliipata ISP. Lakini mengi tunayouliza yanajibiwa na yale yale ninayoandika ubaoni kila mwaka, basi nimeona niyaandike hapa pia.

Kwanza tuseme wazi jambo tunalolificha. Kwetu, mwanamke mwenye mwili anaheshimiwa. Akinenepa baada ya arusi, watu wanasema bwana anamtunza. Akikonda, majirani wananong'ona: ana SIDA, au bwana amemwacha, au nyumbani hakuna kitu. Ndiyo maana wamama wengi wanaogopa kupunguza kilo hata kama ni muganga aliyewaambia. Baada ya mtoto wangu wa tatu kuachishwa ziwa, nilijipima kiuno kwa ule mkanda wa mshonaji: sentimita 94. Shirika la OMS linasema kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya magonjwa ya moyo na ya sukari inaanza kupanda, na kikipita 88 inapanda sana. Nilianza kupunguza polepole. Mwezi wa nne, shangazi ya bwana yangu alimwita pembeni na kumuuliza kama siku hizi chakula kinatosha kwetu. Tulicheka, lakini ujue: maneno haya yatakufikia na wewe. Yajibu, kisha uendelee.

Sasa tuseme juu ya ile chupa. Mama mdogo wangu ana ugonjwa wa sukari tangu miaka sita. Mwaka jana mtu mmoja alimuuzia maji ya mizizi, machungu sana, akamwambia yanayeyusha mafuta ya tumbo na kwamba anaweza kuacha vidonge vya hospitali. Juma la kwanza alipungua kilo tatu. Alifurahi, akatuonyesha namna kikwembe kinavyomzunguka. Lakini alikuwa akihara mara nne kwa siku. Juma la tatu tulimpeleka hospitali kwa teksi, kinywa kimekauka, hajui tunachomwambia. Alilala kitandani siku tisa, na pesa zilizolipa hospitali zilikuwa za minervali ya wajukuu wake. Tunamshukuru Mungu, alirudi nyumbani na leo anameza vidonge vyake.

Kilo zile tatu hazikuwa mafuta. Dawa inayoharisha inatoa maji mwilini, na siku ukinywa maji, uzito unarudi. Tena mgonjwa wa sukari akiacha dawa anakonda kwa sababu mwili wake hauwezi tena kutumia sukari iliyo ndani ya damu. Hiyo ni kuharibika. Mwenye sukari au tansio asiache dawa kwa sababu ya chakula chochote, hata kile nitakachokisifu hapa chini. Aongee kwanza na muganga wake.

Hakuna chakula kinachoyeyusha mafuta. Tangawizi haiyeyushi, ndimu haiyeyushi. Mwili unachoma mafuta yake wakati tunakula nguvu kidogo kuliko ile tunayotumia kwa kazi na kutembea. Nguvu hiyo inahesabiwa kwa kalori. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya sukari au ya wanga wa mihogo ina kalori 4, na ya protini vilevile 4. Kwa hiyo kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kalori 120 hivi, karibu sawa na nusu kikombe cha maharagi yaliyoiva. Maharagi yale utayatafuna, yatakushibisha mpaka jioni. Kijiko cha mawese kinapita kooni bila wewe kujua.

Vyakula vinavyosaidia ni vile vinavyojaza tumbo bila kuleta nguvu nyingi, na soko letu limejaa hivyo.

Maharagi ni ya kwanza. Yana protini na nyuzi, na nyuzi ndizo zinazofanya chakula kikae tumboni muda mrefu na sukari iingie kwenye damu polepole. Lengalenga na matembele yana maji mengi, nyuzi na chuma. Hapo ndipo ndimu ina kazi yake ya kweli: ikamulie juu ya mboga au maharagi wakati wa kula, kwa maana vitamini C inasaidia mwili kupokea chuma. Na chai tusiinywe pamoja na chakula, maana inazuia chuma hicho. Ingoje saa moja.

Sombe ni nzuri, ina protini kuliko mboga nyingi. Lakini jani la muhogo lina sumu. Kulitwanga vizuri na kulichemsha kwa muda mrefu bila kufunika ndiko kunakoiondoa. Nimesikia kuna wanaokunywa maji ya majani mabichi ya mihogo ili wakonde. Wamama, tafadhali, hapana.

Sambaza za ziwa letu la Kivu, zilizoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndagala, zinaliwa pamoja na mifupa yake, na ndani ya mifupa ile kuna kalsiamu. Ukizichemsha na nyanya na kitunguu, ni chakula chepesi. Ukizikaanga ndani ya mafuta mengi, umerudisha ile hesabu ya vijiko. Avoka ni nzuri kwa moyo, lakini nayo ina mafuta: nusu yake iingie sahanini mahali pa mafuta mengine, si juu yake.

Ni nini basi kinachotunenepesha? Tuangalie kikombe kwanza. Mama anayetia vijiko vitatu vidogo vya sukari katika chai, na kunywa vikombe vitatu kwa siku, amekula gramu 36 za sukari. OMS inashauri tusipite gramu 50, na ni vizuri zaidi tukibaki chini ya 25. Chupa moja ndogo ya sukre, ya sentilita 33, peke yake inaleta gramu 35 hivi. Kwenye kilio, kwenye arusi, kwenye ubatizo, tunapewa chupa hizo na tunaona haya kuzikataa. Omba maji. Mwenye karamu atafurahi kubakiwa na chupa yake. Kisha kuna mandazi ya asubuhi, mkate mweupe, na kilima cha bugali ya mihogo, ambayo ni wanga karibu mtupu.

Sasa ninafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nyumba zetu zina sufuria moja. Mama akiamua kukonda na kupunguza mafuta ndani ya sufuria, amewakondesha wote, na katika wote hao kuna mdogo wa miaka miwili. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kongo nzima katika 2013-2014 ulikuta kwamba kwa watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wamedumaa, ni kusema wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula kinachofaa. Darasani ninawaona wakubwa wao, wale wanaosinzia kabla ya saa nne. Na mara nyingi mama anayekuja kuwaulizia ni mama mwenye mwili. Si kwamba anakula chakula cha mtoto. Wote wawili wanakula bugali nyingi na mboga kidogo. Mkubwa, bugali ile inamnenepesha. Mdogo, inamjaza tumbo bila kumjenga.

Kwa hiyo dawa ya mama na dawa ya mtoto inatoka katika sufuria moja: maharagi zaidi, lengalenga zaidi, sambaza, bugali kidogo. Tofauti ni sahani. Tumbo la mtoto ni dogo, linahitaji nguvu nyingi ndani ya chakula kidogo. Yeye mafuta yanamfaa. Tena mawese mekundu yana kile kinachogeuka vitamini A, na vitamini hiyo haiingii mwilini bila mafuta kidogo. Mimi ninafanya hivi: ninapika mboga kwa mafuta machache sana, na mawese ninayatia mwishoni, kijiko kimoja katika sahani ya kila mtoto. Siyachomi mpaka yawe meupe, maana moto ule unaua uzuri wake. Uji wa mdogo ninautia unga wa soya na wa ndagala zilizosagwa. Sahani yangu ninaigawa kwa macho: nusu mboga, robo maharagi au samaki, robo bugali. Ninaanza kula mboga na maharagi, bugali inafuata. Bwana yangu alilalamika majuma mawili juu ya sahani yake. Sasa anaongeza mawese yake mwenyewe mezani, na chupa inakaa siku nyingi kuliko zamani.

Mama mwenye mimba asijaribu kukonda. Anayenyonyesha pia asijinyime: mwili wake unahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku ili utengeneze maziwa. Wakati wake utafika.

Na miguu tusiisahau. OMS inaomba dakika 150 za kutembea kwa nguvu kila juma. Bukavu ni mji wa vilima. Tukiacha moto mara tano kwa juma na kupanda kwa miguu nusu saa, tumezimaliza, na franga za moto zinabaki mfukoni kununua sambaza.

Usitazamie kupungua zaidi ya nusu kilo kwa juma, na majuma mengine hutapungua hata kidogo. Mimi imenichukua mwaka na nusu kufika sentimita 85. Kupanda ngazi za shule sasa hakunikatishi pumzi, na nimefika darasani mbele ya wanafunzi mara nyingi kuliko nilivyozoea.

Kwenye mkutano wa juma lijalo nitakuja na mkanda wa mshonaji na kijiko cha kupimia. Atakayetaka kupimwa tutampima pembeni, na namba yake itabaki yake. Aliye na chupa ya sokoni nyumbani aje nayo pia, tusome pamoja kilichoandikwa juu yake, kama kuna kilichoandikwa. Na kila mmoja aseme namna anavyogawa sahani nyumbani kwake, maana wapo kati yetu wanaolisha watu kumi kwa sufuria moja, na ninataka kujifunza kwao.